Ini la mgonjwa wa sepsisi hutazamwa kutoka pande mbili

Nilipokuwa najifunza kazi wodini, mgonjwa wa sepsisi (hali ya hatari ambapo mwili hujidhuru wenyewe unapopambana na maambukizi) akiletwa presha imeshuka tulimtundikia dripu, tukaipima presha tena, tukatundika nyingine. Macho yetu yalikuwa kwenye ateri tu, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, ilhali sehemu kubwa ya damu ya ini hailetwi na ateri.

Ini la mtu mzima hupitiwa na takribani lita moja na nusu ya damu kila dakika, na karibu robo tatu yake huja kwa vena ya porta, mshipa unaoleta damu kutoka tumboni, ikiwa imekwisha kupita kwenye utumbo na wengu na kupoteza nguvu njiani. Shinikizo lake hapo ni kama milimita 7 hadi 10 za zebaki, na kwa kawaida halizidi lile la vena zinazotoka kwenye ini kwa zaidi ya 5. Tofauti hiyo ya shinikizo inayosukuma damu ni ndogo mno, kiasi kwamba shinikizo la vena karibu na moyo likipanda, damu hurundikana ndani ya ini, likavimba, na mtiririko ukapungua hata kama presha ya mkononi inapendeza.

Kwa kawaida damu ya porta ikipungua, ateri ya ini hutanuka na kuziba sehemu ya pengo. Katika majaribio ya wanyama wenye sepsisi, kinga hiyo imeonekana kudhoofika. Isitoshe, vijishipa vya ndani ya ini husongwa na chembe nyeupe na kuta zilizovimba, kwa hiyo jumla ya damu inayoingia inaweza hata kuongezeka huku baadhi ya seli zikikosa oksijeni. Hapa ndipo vipimo vyetu vya kawaida hutudanganya.

Miongozo ya kimataifa ya sepsisi iliwahi kutaka shinikizo la vena karibu na moyo lifikishwe milimita 8 hadi 12 za zebaki. Lengo hilo liliondolewa mwaka 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2011, utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi. Utafiti huo haukuhusu ini, wala siutumii kama ushahidi wake, ila ndio ulionifundisha kusita.

Siku hizi, kabla ya chupa ya pili ya dripu, natazama pia upande wa vena: mishipa ya shingo kama imejaa, na napapasa chini ya mbavu za kulia kama ini limevimba.