Maharagi yangu na gunia la makala

Jioni hii, hapa kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, makala, yaani makaa ya kupikia, yameisha kabla maharagi hayajaiva. Nimepuliza majivu kwenye mbabula, jiko letu la makala, mpaka macho yakawasha, sufuria ikanyamaza. Watoto wamekula bugali na mchuzi wa nyanya, wamelala. Sikuwapa yale maharagi. Maharagi yaliyoiva nusu yana sumu inayosokota tumbo, na leo sina pesa ya kumpeleka mtoto popote.

Tangu muuguzi aliponipima presha akaniambia nipunguze chumvi, nile mboga na maharagi, nimejitahidi kwa moyo wangu wote. Na sikubali mtu aseme chakula cha afya ni cha matajiri. Fungu la lengalenga, yaani mchicha, linanigharimu chini ya chupa ya soda. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu wa pale soko la Kituku, tunawala na vichwa na mifupa yao, na mifupa ile ndiyo kalsiamu ya watoto wangu. Mawese yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, mradi usiyaunguze mpaka yageuke meupe, kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote ili kuondoa harufu. Hata ardhi siyo kizuizi. Mtaa wetu umekaa juu ya mawe ambayo volkano ya Nyiragongo iliyamwaga, jembe haliingii, lakini nimeletewa udongo kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, nikajaza magunia manne, na lengalenga inaota humo vizuri sana.

Kinachonishinda ni moto.

Maharagi makavu yanataka saa tatu, wakati mwingine zaidi. Sombe lazima uitwange, uichemshe muda mrefu, maana majani ya muhogo nayo yana sumu yake. Lakini mandazi yamekwisha kupikwa na mwingine, mkate vilevile, na chai ya sukari inachemka kwa makala ya kiganja kimoja. Kwa hiyo ukimwona mama wa mtaa wa Ndosho anawapa watoto mandazi asubuhi na jioni, usidhani hajui. Anajua. Amekwisha kupiga hesabu ya makala. Mimi mwenyewe nimeipiga mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya meza ya mandazi, na si mara zote maharagi yameshinda.

Bei ya gunia hupanda kila barabara ya Masisi au ya Rutshuru inapoharibika au inapofungwa na vita. Na gunia lenyewe linaniumiza kwa njia nyingine, kwa sababu makala mengi ya mji huu hutoka kwenye miti ya hifadhi ya Virunga, iliyo hifadhi tangu 1925. Kuna majirani wanaopikia umeme wa maji unaotoka kituo cha Matebe. Sisi kuunganishiwa bado hatujaweza.

Kuhusu dawa za majani nina neno moja zito. Msimu wa mvua uliopita kitinda mimba wangu alishikwa na homa. Nilikuwa na mmea wa dawa uitwao artemisia kwenye gunia jingine, mche niliopewa na mama mkwe. Nikamnywesha chai yake siku tatu. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Kwenye kituo cha afya wakampima, malaria, wakampa vidonge. Vidonge hivyo vina dawa iliyotokana na artemisinini, na artemisinini hutolewa kwenye mmea uleule, kazi iliyompa Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kwenye kidonge kipimo kinajulikana, tena kimechanganywa na dawa nyingine. Kwenye kikombe changu hakuna anayejua kuna kiasi gani. Shirika la Afya Duniani lilikataa chai hiyo kama tiba ya malaria mwaka 2019, na mimi nilikuwa sijasikia.

Nilipomweleza mama mkwe, aliniuliza, "Binti yangu, sisi tulipona kwa dawa gani?" Sikumjibu. Mama amezika watoto wawili wadogo, na wote ilikuwa homa.

Mchaichai na tangawizi bado nawapa wakiwa na mafua, kifua kinatulia na wanalala. Homa sasa inakwenda kupimwa, hata kama ni kwa kukopa.

Na maharagi? Kosa la leo ni kwamba sikuyaloweka jana usiku. Ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake, moto unapungua sana. Halafu ukiyachemsha kwa nguvu nusu saa nzima, unaweza kuifunika sufuria vizuri, ukaiweka ndani ya kikapu, ukaizungushia nguo nzito, yakaendelea kuiva yenyewe bila kaa hata moja. Dada mmoja wa kanisani ndiye aliyenionyesha. Mwanzoni sikuamini, nikawa nafunua kila mara, joto likatoka lote.

Mama wa mapacha, jirani yangu, ameahidi kunikopesha makala sahani moja alfajiri. Nitayachemsha upya, nitaifunga sufuria kwa blanketi la mtoto, nitakwenda sokoni, na sitaifunua mpaka nirudi.