Deraya yangu ya plastiki imekamilika

Miezi minne, jamani! Leo nimevaa deraya nzima, lile vazi la kivita la kukinga mwili, kwa mara ya kwanza, hapa chumbani kwangu Ntinda, Kampala, na machozi yamenilenga.

Nimeitengeneza kwa mabomba ya PVC. Unapasua bomba kwa urefu, unalipasha moto taratibu juu ya jiko. Likipita nyuzi 80 hivi linalegea kama ngozi, unalikandamiza kwenye umbo la mbao na kulipoza kwa kitambaa chenye maji baridi. Usiliache liungue, moshi wake una asidi inayochoma mapafu. Mimi nilifanyia uani, upepo ukinipiga mgongoni.

Kuunganisha ni gundi ya mafundi bomba tu. Kazi ilikuwa kuikalisha mwilini. Bamba la muundi lilining'ata nyuma ya goti kila nikipanda ngazi; nikakata nusu sentimita, nikajaribu, nikakata tena, mara tano. Mama mmoja mshonaji wa soko la Owino akanishonea mikanda ya lastiki, akaniambia, "Mwanangu, acha nafasi ya kupumua." Kweli kabisa, kifua kilikuwa kikinibana nikiketi.

Kisha msasa, kutoka wa kukwaruza sana hadi laini: namba 120, 240, 400, halafu 800 na 1000 kwa maji. Ukiruka namba, mikwaruzo inajificha mpaka rangi ikauke. Jana usiku nilimalizia kwa polishi ya magari na kipande cha fulana kuukuu. Nilisugua bega la kushoto mpaka nikaiona taa ya dari ndani yake, na waya wake.

Jumamosi naipeleka Jinja, watoto wa shangazi wanaisubiri. Helmeti nitaipakata safari nzima.