Kutoka Baraza la Madiwani hadi Sinodi ya Hertford

Kwa miaka mitano nilikuwa diwani wa kata moja mkoani Kagera, na kilichonifundisha zaidi wakati huo ni ile kazi ya kusoma mihtasari usiku wa kuamkia baraza, peni mkononi, nikitafuta jambo ambalo katibu hakuliandika. Nilipoangushwa kwenye kura za maoni nilikirudia Kilatini nilichofundishwa seminari ndogo, na hatua moja ikazaa nyingine hadi nikafika hapa Durham, kaskazini mwa Uingereza, ninakotafiti Kanisa la karne ya saba.

Ndugu zangu huuliza siasa za kata zinahusiana vipi na maaskofu wa kale. Huwajibu kwa kuwasimulia sinodi ya Hertford, ambayo Beda, mmonaki na mwanahistoria wa kale wa Uingereza, anaiweka mwaka 673. Theodori wa Tarso, askofu mkuu wa Canterbury, aliwaita maaskofu wenzake na kuwawekea mezani ajenda kumi. Wilfrid, askofu wa Northumbria, ufalme wa kaskazini, hakutokea, alituma wajumbe. Beda aliunakili muhtasari wenyewe katika historia aliyoikamilisha mwaka 731, na hata jina la katibu, Titillus, limo. Askofu asiingilie eneo la mwenzake. Mapadri wasihamehame bila barua ya askofu wao. Vikao viwe viwili kwa mwaka. Kisha, kwa sababu mbalimbali, wakakubaliana kiwe kimoja tu, tarehe 1 Agosti. Hizo "sababu mbalimbali" nazifahamu vizuri, nimewahi kuzipigia kura.

Iliyoninasa ni ajenda ya tisa. Ilitaka maaskofu waongezwe kadiri waamini wanavyoongezeka, yaani majimbo yagawanywe, na uamuzi wake umeandikwa kwa maneno machache: ad praesens siluimus, kwa sasa tulinyamaza. Barazani kwetu, pendekezo la kugawa kata yangu liliandikwa kuwa "limepokelewa", ilhali kila aliyekuwamo ukumbini alisikia jinsi tulivyogombana mpaka chai ikapoa, kwa kuwa anayekatiwa eneo hupoteza watu, na akipoteza watu hana tena sauti. Msimamizi wangu aliniomba ukurasa mmoja kuhusu sentensi hiyo. Nikampelekea kumi na minne.

Maktaba ikifungwa, hupitia Kanisa Kuu, mbele ya jiwe jeusi la kaburi la Beda. Kwa Kiswahili tunamwita Beda Mheshimiwa, neno ambalo nami niliitwa kila siku hadi nikalizoea vibaya. Yeye hakuongeza lolote kuhusu ule ukimya. Ila anaeleza kwamba mwaka 678 Wilfrid alifukuzwa na mfalme Ecgfrith, jimbo lake likagawanywa na Theodori akawaweka wakfu maaskofu wapya, na Wilfrid akafunga safari hadi Roma kukata rufaa kwa papa. Sura ninayoiandika sasa inahusu muda uliopita kati ya Hertford na rufaa hiyo: miaka mitano, sawa na kipindi kimoja cha diwani.