Nilikata noti, kumbe kosa lilikuwa la mguu

Kipande chenyewe cha kinanda, nilichokirekodi kwenye kompyuta kwa mfumo wa MIDI, hakifiki hata dakika tatu. Kukisafisha kukanimalizia wikendi.

Nimekasirishwa zaidi na ule ushauri unaotolewa kila mahali: chagua noti zote, kwantaizi (amri ya kuzivuta noti hadi kwenye mstari wa mapigo ulio karibu), basi. Niliufuata. Noti zikajipanga kwenye gridi kama meno ya kitana, na muziki ukafa palepale. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, nilizozipiga kwa kuachia kidole kimoja baada ya kingine zikadondoka kwa pamoja, pu! Noti zilizokuwa zimechelewa kupita nusu ya nafasi zikavutwa mstari wa mbele, kwa hiyo kosa dogo likawa kosa kubwa. Tendua, tendua, tendua.

Halafu ikaja baa ya 17 (baa ni fungu moja la mapigo ya muziki). Hapo sauti zilikuwa zimevurugika kama uji. Nikasema noti ni ndefu mno, nikazifupisha. Uji. Nikazifupisha tena, mpaka zikabaki kama punje za mchele kwenye skrini. Uji vilevile! Nikalaumu spika. Nikabadilisha sauti ya piano mara nne. Nikazima kompyuta nikaiwasha, maana mtu akiishiwa maarifa hufanya hivyo.

Usiku wa manane nikafungua kile kidirisha cha chini ya noti, ambacho sikuwahi kukigusa, nikachagua kidhibiti namba 64. Pedali! Niliikanyaga baa ya 16, nikaja kuiachia baa ya 21. MIDI hairekodi sauti, inarekodi amri tu: noti gani imebonyezwa, lini, kwa nguvu gani, imeachiwa lini, na mguu unafanya nini. Thamani ya 64 kwenda juu maana yake pedali imekanyagwa, na ikiwa imekanyagwa unaweza kukata noti mpaka uchoke, itaendelea kuvuma. Nilicheka peke yangu. Miaka yote hii napiga kinanda, mguu wangu mwenyewe nimeusahau. Basi, kila kodi ilipobadilika nikachora 0, na mara tu baada yake 127. Uji ukakauka.

Noti iliyokuwa ikipiga kelele niliishusha nguvu kutoka 119 hadi 80, kazi ya sekunde.

Kwantaizi sikuitupa kabisa. Niliitumia kwa mkono wa kushoto tu, yaani noti zilizo chini ya namba 60 (kwenye MIDI kila noti ina namba yake), tena kwa asilimia 50, ili noti zisogee nusu ya njia. Hiyo 60 ndiyo C ya katikati. Programu nyingine huiita C3, nyingine C4, kwa hiyo angalia namba, achana na jina. Mkono wa kulia sikuugusa.

Ila kuna noti moja baa ya 29 niliyoikosea kabisa. Niliiburuta nusu toni hadi mahali pake, nikasikiliza, nikairudisha kwenye kosa lake. Ilikuwa tamu zaidi pale.