Neno Alipopiga Hema

Kila ninaposoma Yohana 1:14, husita pale inaposemwa kwamba Neno, yaani Kristo, alifanyika mwili, "akakaa kwetu", kwa kuwa kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale kina maana ya kupiga hema, nacho humrudisha msomaji jangwani, ambako Mungu aliandamana na Waisraeli katika hema ya kukutania. Mtaguso wa Kalkedoni, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulikiri kwamba Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, nafsi moja katika asili mbili zisizochanganyika wala kutenganishwa. Ni maneno mazito, nami nayaheshimu. Lakini nilipompakata mpwa wangu wa siku tatu, kitovu chake kikiwa bado hakijadondoka na shingo haiwezi kubeba kichwa, ndipo nilipoona ukubwa wa dai lenyewe: kwamba Muumba alihitaji kushikiliwa shingo na Maria.