Jinsi nilivyozuia nywila ya mapokezi kuzunguka ofisi nzima

Printa ya ofisi yetu imeunganishwa na kompyuta ya mapokezi inayotumia Ubuntu, na kila inapogoma dawa yake ni kuanzisha upya huduma ya CUPS, inayosimamia uchapishaji, kwa amri inayohitaji sudo, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta. Akaunti ya mapokezi iliwekwa katika kundi la sudo tangu mwanzo, kwa hiyo dada wa mapokezi asipokuwepo wenzake walimpigia simu, naye akawatajia nywila yake. Aliyeijua hakupata uwezo wa kutengeneza printa tu, bali alikuwa na mamlaka yote juu ya kompyuta ile, hata ya kufuta watumiaji na faili zao.

Fundi mwenzangu, aliyenizidi uzoefu, alinishauri niandike NOPASSWD: ALL, yaani amri zote ziruhusiwe bila nywila, ili mambo yaishe. Ushauri huu unaniudhi hadi leo, kwa sababu ni sawa na kung'oa mlango kwa kuwa kitasa kinasumbua. Nilipokataa, alikubali turuhusu amri moja tu, akafungua visudo, programu ya kuhariri kanuni za sudo, na kuandika mstari huu chini kidogo ya ule wa root:

mapokezi ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart cups

Akaijaribu palepale. Printa iliamka bila nywila kuulizwa, naye akaaga akiwa ameridhika kabisa. Alasiri dada akaniita: "Kaka, mbona inaniuliza tena?"

Nilikaa na tatizo hilo hadi nikalielewa. Ubuntu hukumbuka nywila kwa dakika 15 katika terminali (dirisha la kuandikia amri) ileile, na fundi alikuwa ameiandika muda mfupi kabla, alipofungua visudo, kwa hiyo jaribio lake halikupima chochote. Siku hizi sipimi kanuni yoyote kabla ya kuandika sudo -k, amri inayofuta kumbukumbu hiyo. Kosa lenyewe lilikuwa la mpangilio: sudo husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na zaidi ya moja zikimhusu mtumiaji na amri ileile, inayofuatwa ni ya mwisho. Mstari wa kundi, %sudo, ulikuwa chini ya wetu, nao unadai nywila.

Niliuondoa mstari ule nikauweka katika faili yake kwa sudo visudo -f /etc/sudoers.d/printa, kwa kuwa folda hiyo husomwa mwishoni mwa faili kuu ya kanuni, sudoers. Jina lisiwe na nukta, ukiliita printa.conf, sudo itairuka faili hiyo bila kukuambia neno. Muda wote huo niliacha wazi terminali nyingine yenye root, maana sudoers ikiharibika unaweza kujifungia nje, na hii ndiyo sababu sihariri faili hizi bila visudo, ambayo hukagua sarufi yake kwanza.

Msiruhusu systemctl, amri ya kusimamia huduma, peke yake. Niliandika amri nzima hadi neno la mwisho kwa makusudi, kwa sababu katika matoleo ya zamani ya systemd, mfumo unaoendesha huduma hizo, systemctl status ikiendeshwa kwa sudo huweza kufungua less, programu ya kusomea maandishi, na humo mtu akiandika !sh anapata root kamili. Ukali huu una gharama yake: ukiandika cups.service badala ya cups, kanuni haikutambui. Kwa hiyo nilimtengenezea dada kitufe kwenye skrini chenye amri ileile, hata mgeni anaweza kukibonyeza.

Baada ya kuhakikisha kwamba akaunti yangu inabaki katika kundi, niliitoa ya mapokezi kwa gpasswd -d mapokezi sudo, dada akatoka na kuingia upya, akabadilisha nywila. Amri sudo -l -U mapokezi sasa inaonyesha ruhusa moja tu, ile ya printa.

Kwa akaunti yangu katika kompyuta hiyo, iitwayo fundi, niliweka Defaults:fundi timestamp_timeout=0, ili niulizwe nywila kila mara, kwani pale mapokezi watu hupita na mimi huitwa ghafla. Kwenye kompyuta yangu dakika 15 zimebaki kama zilivyo. Kwa kuwa huingia katika mashine kadhaa kwa mbali, zote niliziongezea Defaults passprompt="Nywila ya %p kwenye %h: ", nayo hutaja jina la kompyuta inayouliza, hivyo siandiki tena nywila ya seva moja kwenye dirisha la nyingine.