Spack: ielezee mashine yako kabla ya kusakinisha chochote

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: chukua HDF5, maktaba ya kuhifadhi data za kisayansi, uone. Huyu anaitaka na MPI (njia ya kompyuta nyingi kufanya kazi moja kwa kutumiana ujumbe), yule hataki hata kuisikia. Mmoja anahitaji Fortran, mwenzake C pekee. Huku inakompailiwa kwa GCC, kule kwa kompaila ya Intel, na faili za .mod za Fortran zilizotengenezwa na kompaila moja hazisomeki na nyingine. Kwenye kompyuta kuu watu hao wote wanaingia mashine ile ile. Apt na dnf, zana za kawaida za kusakinisha programu kwenye Linux, hazina msaada hapo, maana zinaweka toleo moja la kila kitu chini ya /usr na zinadai uwe root, yaani msimamizi wa mfumo.

Spack, zana ya kusakinisha programu, ilitungwa kwa ajili ya fujo hiyo. Todd Gamblin aliianza 2013 katika maabara ya Lawrence Livermore, California. Imeandikwa kwa Python, ni programu huria yenye leseni ya Apache 2.0 au MIT kwa hiari yako, na ina mapishi (maelekezo ya kujenga) ya vifurushi zaidi ya 8,000. Tangu toleo la 1.0, lililotoka Julai 2025, mapishi hayo yanakaa kwenye hazina yake, mbali na Spack yenyewe. Kila kifurushi kinasakinishwa katika folda yake yenye heshi (alama ya kipekee) kwenye jina, na heshi hiyo inabeba toleo, chaguo, kompaila na kila kitu ambacho kifurushi kinakitegemea, hadi mwisho wa mti wa vitegemezi. Ndiyo maana HDF5 tano zinaweza kukaa pamoja bila kugombana.

Kuiweka hakuchukui dakika nyingi:

```
git clone --depth=2 -b releases/v1.0 https://github.com/spack/spack.git
. spack/share/spack/setup-env.sh
```

Unahitaji python3, kompaila ya C na C++, git, make, patch, tar na wenzake wa kufungua faili zilizobanwa. Root haihitajiki. Tumia tawi la releases, si develop, kwa sababu develop hubadilika kila siku, na heshi ulizozizoea jana leo zinaweza kuwa nyingine.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaandika `spack install hdf5` papo hapo. Itafanya kazi, ndiyo. Lakini Spack haijaambiwa mashine ina nini, kwa hiyo inaanza kujenga perl, openssl, cmake na Open MPI (mojawapo ya programu zinazotekeleza MPI) kutoka msimbo chanzo, saa baada ya saa. Muda uliopotea si hasara kubwa kuliko hiyo Open MPI yenyewe. Kwa kawaida pishi lake lina `fabrics=none` na `schedulers=none`, yaani haijui UCX (maktaba ya mitandao ya kasi) wala Slurm (mpangaji wa kazi). Programu itakompailiwa, itaanza, itatoa majibu sahihi, huku nodi (kompyuta moja moja za mashine hiyo) zinazungumza kwa TCP ya kawaida badala ya kutumia InfiniBand, mtandao wa kasi ulionunuliwa kwa fedha nyingi. Hakuna ujumbe wa kosa utakaouona. Utaona tu kazi ya saa mbili ikila siku nzima, nawe ukailaumu programu.

Kwa hiyo anza na `spack compiler find`, kisha `spack external find cmake git openssl`. Nataja majina makusudi. Ukiiacha itafute yenyewe kila kitu, itaokota vitu vya /usr ambavyo vina programu lakini havina faili za kichwa zinazohitajika kukompaila (openssl bila openssl-devel ni mfano wa kila mara), na ujenzi utaanguka mbele kabisa, mbali na chanzo cha tatizo. MPI usiiachie utafutaji huo. Iandike kwa mkono katika `~/.spack/packages.yaml`, kwa nafasi na si tabo, kwa kuwa YAML haipokei tabo:

```
packages:
  all:
    target: [x86_64_v3]
  mpi:
    buildable: false
  openmpi:
    buildable: false
    externals:
    - spec: openmpi@4.1.6 fabrics=ucx schedulers=slurm
      prefix: /opt/openmpi-4.1.6
```

Badilisha toleo na njia ziendane na mashine yako. Amri ya `ompi_info` itakuambia ilivyojengwa. Mstari wa `buildable: false` ndio mlinzi: Spack ikishindwa kutumia MPI ya mfumo itagoma na kukueleza, haitakujengea nyingine kimyakimya.

Mstari wa target nao una sababu. Spack huangalia prosesa ya mashine uliyokaa na kuikompailia hiyo hasa. Nodi ya kuingilia ikiwa na AVX-512 (maagizo ya ziada ya prosesa) na nodi za kazi ni AMD za zen3, ambazo hazina AVX-512, programu itakufa kwa `Illegal instruction` mara tu inapoanza kazini, ilhali ukiijaribu kwenye nodi ya kuingilia inakimbia vizuri. x86_64_v3 inaishia AVX2, hivyo pande zote mbili zinaielewa. Kama nodi zote za kazi ni za aina moja, taja aina hiyo na ufaidi kasi yote.

Sasa, kabla ya install, soma mpango:

```
spack spec -Il hdf5@1.14 +mpi +fortran ^openmpi
```

Alama ni chache: @ ni toleo, + ni washa, ~ ni zima, % ni kompaila, ^ ni kitu kinachotegemewa. Kwenye majibu, `[+]` pembeni mwa jina ina maana kimeshasakinishwa, `[e]` ni cha mfumo, na kistari kitupu kinamaanisha kitajengwa. Openmpi lazima iwe na `[e]`. Dakika mbili za kusoma orodha hii zinaokoa mchana mzima, na kwa maoni yangu hii ndiyo amri bora kuliko zote ndani ya Spack.

Anayeupanga mti huo ni clingo, kitatuzi cha mantiki kutoka Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani. Ni hodari, ila masharti yako yakipingana maelezo yake ya kosa yanaweza kukutoa jasho. Usikae kuyafasiri neno kwa neno. Ondoa sharti moja moja kwenye amri yako mpaka ikubali. La mwisho kuondoka ndilo lenye ugomvi.

Ujenzi wenyewe ukianguka, fungua `spack-build-out.txt` ambayo Spack inakuonyesha njia yake, na utafute kosa la kwanza, si la mwisho. Ukitaka kurudia hatua kwa mkono, usiingie folda na kupiga make hivihivi. Spack husafisha mazingira na kuweka kompaila ya bandia mbele ya ile halisi, inayoongeza -I, -L na -rpath kwa kila kitegemezi. Kwenye terminali yako ya kawaida hivyo vyote havipo. Pita huku:

```
spack cd hdf5
spack build-env hdf5 -- bash
```

Hizo -rpath ndizo zinazofanya programu ikumbuke maktaba zake zilipo bila LD_LIBRARY_PATH. Hakikisha kwa `readelf -d` uone RPATH.

Makosa mengine hayatokani na vifurushi bali na diski. Ukiona `Permission denied` configure inapojaribu kuendesha kitu ilichokijenga sasa hivi, huenda /tmp imefungwa kwa noexec (hairuhusu kuendesha programu); hamisha `build_stage` kwenye config.yaml uiweke scratch (diski ya muda). Folda ya nyumbani nayo hujaa haraka, kwa sababu ~/.spack inahifadhi mengi, ikiwemo clingo iliyopakuliwa mara ya kwanza. Spack ikilalamikia kufuli kwenye Lustre, mfumo wa faili wa pamoja, uliza kama imepachikwa na chaguo la flock. Na ukikutana na `Killed signal terminated program cc1plus`, kumbukumbu imeisha: Spack hutumia hadi viini 16 kwa pamoja, na msimbo mzito wa C++ kama Trilinos unakula gigabaiti kwa kila mchakato. Punguza kwa `-j 4`, au peleka ujenzi nodi ya kazi.

Nodi za kazi mara nyingi hazina intaneti. Andaa kila kitu upande wenye mtandao: ukiwa ndani ya mazingira yako ya Spack (orodha ya vifurushi vya mradi), `spack mirror create -d /scratch/mirror --all` inapakua misimbo yote, na `spack bootstrap mirror --binary-packages /scratch/boot` inachukua clingo. Ya pili ikimaliza inakuchapia amri za kuandika upande wa pili, zinakili. Na kama wenzako wanatumia mashine za aina hiyo hiyo, `spack buildcache push` itawagawia vilivyokwisha kujengwa. Weka `padded_length: 128` chini ya install_tree tangu siku ya kwanza, ili njia ndefu za folda za wenzako zipate nafasi ndani ya faili. Ukiiweka baadaye, heshi hazibadiliki ila vilivyotangulia vinabaki na njia zao fupi.

Kwa mradi wa kudumu tumia mazingira: spack.yaml unaiandika wewe, spack.lock anaitoa clingo, na zote mbili ziingie git. Lock ya mashine moja usiitegemee kwenye nyingine, maana imebeba njia za /opt za kwako. Kule peleka spack.yaml, upige `spack concretize -f` upya. Diski ikianza kubana, `spack gc` inafuta vilivyohitajika wakati wa kujenga tu, cmake na kundi lake. Inakuonyesha orodha na kuuliza kwanza, kwa hiyo isome kabla ya kubonyeza y.